Mkopo umepita, ila kuna bima

Dakika ambayo mkopaji hana nguvu kabisa ni ile anayoambiwa kuwa mkopo wake umepita. Ameshaipangia kazi ile hela, ameshamwahidi fundi, pengine ada ya mtoto inadaiwa wiki hiyohiyo. Hapo ndipo inaposogezwa karatasi ya pili. Bima hii, anaambiwa, itakulipia marejesho ukiugua au kazi ikiota nyasi. Weka saini hapa, na hapa.

Uingereza ilijenga biashara nzima juu ya dakika hiyo. Hasa kati ya 1990 na 2010, benki na kampuni za mikopo za huko ziliuza bima ya kulinda marejesho, maarufu kwa herufi PPI, kwa kasi ambayo ukiisoma leo unadhani ni kosa la uchapaji. Mamlaka ya kusimamia mwenendo wa sekta ya fedha ilikuja kusema mikataba iliyouzwa huenda ilifika milioni 64. Nchi yenyewe wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 60, watoto wachanga wakiwemo.

Bima yenyewe haikuwa utapeli. Mwajiriwa mwenye mkopo mkubwa na akiba ndogo angeweza kunufaika nayo. Shida ni kwamba iliuzwa bila kuangalia anayeuziwa ni nani. Waliojiajiri waliuziwa kinga ya kuachishwa kazi ambayo masharti yake yalikuwa magumu kwao kuyatimiza. Waliokuwa na maradhi ya muda mrefu waliuziwa kinga ya ugonjwa iliyoyaacha nje maradhi hayohayo. Wapo hata wastaafu waliouziwa ulinzi wa ajira, na sijui muuzaji alikuwa akimlinda mstaafu dhidi ya mwajiri gani.

Namna ya kuuza ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2008 FSA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia sekta hiyo wakati huo, iliipiga benki ya Alliance & Leicester faini ya pauni milioni 7. Kati ya Januari 2005 na Desemba 2007 benki hiyo ilikuwa imeuza bima hizo zipatazo 210,000 kwa wakopaji binafsi, kwa bei ya wastani ya pauni 1,265. Wateja wa simu hawakuelezwa vya kutosha kuwa bima ni hiari, wala bei yake haikuwekwa wazi. Lililo zito zaidi ni kwamba wafanyakazi walikuwa wamefundishwa namna ya kumsukuma mteja anayehoji kwa nini bima imo kwenye hesabu yake. Swali la mteja lilikuwa limeandaliwa jibu kabla hajapiga simu.

Tuiweke mezani hesabu ya aina hiyo. Chukua mkopo wa pauni 5,000 kwa miaka mitano, riba ya asilimia moja kwa mwezi. Marejesho yake ni kama pauni 111 kila mwezi. Sasa ongeza bima ya pauni 1,265, ambayo mteja haitoi mfukoni: inaingizwa ndani ya mkopo na kutozwa riba kama mkopo wenyewe. Marejesho yanapanda hadi 139, na hadi deni linaisha bima hiyo imekula karibu pauni 1,690. Muuzaji stadi hakuyataja haya. Alisema, “Marejesho yako ni 139 kwa mwezi, ukiwa na ulinzi kamili,” kisha akaendelea na tarehe ya kuingiza fedha. Ile 111 haikutamkwa kabisa, na mteja hawezi kukataa kitu ambacho hakujua kuwa kinaweza kuondolewa.

Kwa nini kujisumbua kiasi hicho kwa bima? Jibu lilipatikana katika kesi ya Susan Plevin, mjane aliyekuwa akifundisha chuoni, aliyekopa pauni 34,000 mwaka 2006 kutoka kampuni ya Paragon kwa dhamana ya nyumba yake. Mkopo ulikuwa wa miaka kumi, bima aliyouziwa ikawa ya miaka mitano, kwa pauni 5,780 zilizolipwa kwa mkupuo na kuongezwa kwenye deni. Katika fedha hizo dalali alibaki na 1,870, Paragon ikabaki na 2,280, na kampuni ya bima, iliyobeba hatari yote, ikapelekewa 1,630. Yaani asilimia 71.8 ya bima ilikuwa kamisheni, na mama huyo hakuambiwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa kunyamazia jambo la ukubwa huo kulifanya uhusiano kati yake na mkopeshaji usiwe wa haki.

Ukishauona mgawanyo huo, tabia ya ofisa mikopo haikushangazi tena. Riba ndiyo iliyotangazwa magazetini na kushindaniwa. Bima haikutangazwa na mtu, na faida ilikuwa huko. Tume ya Ushindani ya Uingereza ilipochunguza, ilikuta hata riba nafuu za mikopo kwa sehemu zilikuwa zikibebwa na faida ya bima. Kijana aliye kwenye simu ana tageti ya mwezi na bosi anayemhesabia. Kumkasirikia hakukusaidii. Kujua anavutwa na nini kunakusaidia.

Shirika la ushauri kwa raia, Citizens Advice, lilipeleka malalamiko rasmi serikalini mwaka 2005. Zikafuata faini, miongozo na karatasi za maelezo zilizozidi kuwa ndefu. Mwaka 2009 wakopeshaji walitakiwa kuacha kuuza bima ya malipo ya mkupuo kwenye mikopo binafsi isiyo na dhamana. Benki zilikwenda mahakamani kupinga masharti mapya ya kushughulikia malalamiko, zikashindwa Aprili 2011. Kuanzia hapo fidia ikamwagika: karibu pauni bilioni 38 kwa jumla. Mlango wa madai ulifungwa Agosti 2019, baada ya matangazo ya televisheni ambamo kichwa bandia cha Arnold Schwarzenegger kiliwafokea watu waamue upesi. Kampuni za kudai fidia kwa niaba ya wateja nazo zilichota fungu lao, kwa kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe kwa barua moja.

Katika hatua zote hizo, kwa maoni yangu yenye akili zaidi ni ile iliyoonekana ndogo. Kuanzia Aprili 2012, mkopeshaji alikatazwa kumuuzia mtu bima hiyo siku ya mkopo. Lazima zipite siku saba, isipokuwa mteja arudi mwenyewe kuiomba. Karatasi za maelezo zilimwacha mkopaji kwenye kiti kilekile, kalamu mkononi, fundi akimpigia simu. Siku saba zilimwondoa kwenye kiti.

Hakuna anayezuiwa kujipa siku hizo hata pale ambapo sheria haimpi. Sema: “Naomba niandikie marejesho ya mkopo peke yake, na ya mkopo pamoja na bima.” Usiulize kama bima ni nzuri, maana jibu unalijua. Uliza kama ukiikataa mkopo unabaki palepale, na kama jibu ni hapana, omba uonyeshwe kifungu. Moja ya malalamiko ya kawaida katika sakata la Uingereza ni la watu walioambiwa kwa mdomo tu kuwa bima ni lazima, wakati mkataba haukusema hivyo. Mkopaji wa huko ambaye tayari ameshasaini ana siku 30 za kubadili mawazo, na akipuuzwa anaweza kulalamika bure kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha.

Huku Afrika Mashariki sura ya bima ya mkopo ni nyingine. Nyingi hulipa salio mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, na mara nyingi ni sharti la mkopo, hukatwa hata kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti. Umeomba milioni tano, unaona pungufu. Kuikataa inaweza isiwezekane, lakini kuihoji inawezekana. Kampuni gani ya bima? Kupunguzwa kazini kumo au hakumo? Na swali ambalo wengi hulisahau: nikiongeza mkopo kabla huu haujaisha, bima niliyokwisha kulipia inahesabiwa, au nakatwa upya kwa deni zima? Kisha mwambie mume, mke au mtoto mkubwa kuwa bima ipo, na nakala iko wapi. Familia isiyojua haitadai, na inaweza kuendelea kulipa deni ambalo marehemu alishalilipia kinga.

Uingereza kwenyewe kamisheni imehamia kwenye magari. Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilirudi kwenye hoja ya kesi ya Plevin katika shauri la mtu aliyenunua gari lililotumika kwa mkopo mwaka 2017. Muuzaji wa gari alikuwa amelipwa na mkopeshaji kamisheni ya pauni 1,650.95, sawa na asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo huo. Hati alizosaini zilisema kamisheni huenda ikalipwa, kiasi hazikukitaja. Mahakama iliamuru alipwe kamisheni yote, na riba juu.