Mwili Unapotikiswa na Moyo

Wengi wetu twamjua mama ambaye hupanda ngazi, akasimama katikati akitweta, kisha akasema ni uchovu wa kazi za nyumbani. Huenda ni uchovu kweli. Na huenda moyo wake umeanza kudhoofika. Juma hili twazungumzia njia moja ya kuusikiliza moyo huo.

Kila unapopiga, moyo hurusha damu kwenye mshipa mkuu. Damu ikielekea kichwani, mwili nao husukumwa kidogo kuelekea miguuni, mfano wa mashua irudiyo nyuma pale abiria anaporukia gatini. Mwaka 1877, J. W. Gordon alieleza kwamba mtu akisimama kimya juu ya mizani, sindano yake hucheza kwa kufuata mapigo ya moyo.

Mnamo 1939, Dkt. Isaac Starr wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nchini Marekani, pamoja na wenzake, walieleza kitanda kilichoundwa kwa kazi hiyo. Mtu alilala chali, na mtikisiko wake ukachorwa kama mawimbi. Starr aliwafuatilia aliowapima kwa miaka ishirini, akaona kwamba wenye mawimbi hafifu, hata waliojiona wazima, ndio waliopatwa zaidi na maradhi ya moyo.

Baadaye picha za moyo zipigwazo kwa mawimbi ya sauti zilichukua nafasi ya kitanda hicho. Sasa vihisio vidogo, mfano wa vile vilivyomo ndani ya simu, vimewarudisha wataalamu kwenye mtikisiko ule ule. Huwekwa kifuani, kwenye mizani, au chini ya godoro, vikasoma moyo wa mtu aliyelala na nguo zake.

Jambo hili la mwisho latugusa. Wako mama zetu wanaochelewa kupimwa kwa kuona haya kufunua kifua mbele ya mgeni. Lakini kihisio si tabibu. Mtu akijigeuza au akipumua kwa nguvu, mawimbi huvurugika, na vali iliyoharibika bado yataka kuonekana kwa picha. Tusiketi kungojea kifaa. Mgonjwa ana ruhusa ya kuomba mhudumu wa kike, shuka ya kujifunika, na binti yake awe karibu.

Basi tuwatazame wazee wetu. Mama akitweta kwa kazi ndogo, miguu ikimvimba, au akihitaji kuongeza mito ndipo apate usingizi, tumpeleke hospitali bila kuchelewa. Akishikwa na maumivu ya kifua, tusingoje hata saa moja.

Mama aliyezoea kutuuguza hatasema kwamba yeye ndiye mgonjwa. Ni juu yetu kumwuliza. Mwenyezi Mungu awajaalie afya njema, amin.