Kwa Nini Meli Kubwa Huhitaji Tagi?

Kutoka Keko si mbali kufika bandari ya Dar es Salaam. Huko meli kubwa, yenye mitambo ya nguvu, husaidiwa kufika gatini na tagi, vyombo vidogo vya kuvuta na kusukuma. Sababu ni nini?

Usukani hufanya kazi kwa kuyageuza maji yanayoupitia. Meli inapopunguza mwendo, maji hayo hupita polepole na usukani hukosa nguvu. Hapo upepo wa kusi na mkondo wa bamvua huweza kuisukuma meli kando.

Tuchukue mfano. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hukandamiza kila mita mraba kwa kani ya nyutoni 60 hivi. Ubavu wa mita mraba 2,000 hupata nyutoni 120,000, sawa na uzito wa tani 12. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, kani huwa mara nne: tani 48.

Kani hiyo hukabiliwa na tagi, moja omoni, nyingine tezini. Zikishindwa, meli yaweza kukwama katika mlango mwembamba wa bandari, na nyingine zisiweze kuingia wala kutoka.

Mwanafunzi na akokotoe: upepo ukiwa mita 15 kwa sekunde, tagi zitakabili tani ngapi?