Kuganda kwa Kompyuta ya Mezani: Utaratibu wa Kubaini Chanzo katika Mazingira ya Moshi

Miongoni mwa hitilafu zinazomsumbua fundi wa kompyuta, kuganda kusiko na saa maalumu ni mojawapo ya zilizo ngumu kubainiwa. Kioo hubaki kikiwaka, picha haisogei, kipanya hakiitiki, na njia pekee inayobaki ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Kesho yake kompyuta hiyohiyo hufanya kazi kutwa nzima bila kasoro. Kwa kukosa ushahidi wa papo kwa papo, fundi mwenye haraka hufuta diski na kupakia mfumo endeshi upya, kazi inayojulikana mitaani kama "kupiga windows". Katika mji kama Moshi, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika hutegemea maduka ya stesheneri kuchapa tasnifu zao, uamuzi huo unaweza kufuta data ya utafiti ambayo haikunakiliwa mahali pengine. Tena, iwapo chanzo kilikuwa vumbi au RAM mbovu, kuganda kutarudi baada ya siku chache, na data haitarudi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kunakili mafaili kwenye diski ya nje, kabla ya bisibisi kugusa kasha. Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, ilhali diski inayokaribia kufa huweza kukataa kabisa kuwaka baada ya kuzimwa kwa nguvu mara moja zaidi.

Hatua inayofuata ni kusikiliza maneno ya mteja kwa makini. Wateja husema mashine "imegoma" au "imestaki", na maneno hayo hubeba mambo matatu tofauti: kuganda, kuzima ghafla na kujiwasha upya. Umeme ukiyumba, kwa kawaida mashine huzima au hujiwasha upya. Huganda kwa nadra zaidi. Kipimo chepesi cha kutenganisha aina za kuganda ni kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila kinapobonyezwa, kiini cha mfumo endeshi kingali hai, na shaka huelekea kwenye programu au diski. Taa isipobadilika, mashine imesimama kabisa, na shaka huelekea zaidi kwenye joto, RAM, ubao mama, pawa saplai au draiva.

Joto linastahili kuchunguzwa mapema, hasa miezi ya Januari na Februari, kabla ya masika, wakati Moshi huwa na joto kali na barabara za udongo hutimua vumbi hadi ndani ya maduka yaliyo kando yake. Vumbi hilo hujipanga kati ya mapezi ya kipoza cha prosesa kama blanketi. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, lakini vipande vingine vya ubao mama havina kinga hiyo. Dalili yake ni mpangilio wa muda: kompyuta huganda mchana baada ya saa mbili za kazi, na haigandi asubuhi. Usafishaji hufanywa kwa blowa, umeme ukiwa umechomolewa na feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Kupuliza kwa mdomo huingiza unyevu. Krimu ya kupitisha joto iliyokauka nayo hubadilishwa.

Joto huacha alama nyingine inayoonekana kwa macho. Kapasita za elektroliti hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila ongezeko la nyuzi 10, na zinapochoka hufura kichwani au kuvuja majimaji ya kahawia. Kompyuta zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilisifika kwa ubaya huu, kwani kapasita duni zilisambaa katika viwanda vingi wakati huo. Mashine iliyonunuliwa ikiwa imetumika ng'ambo inapaswa kufunguliwa na kutazamwa kabla ya kulaumiwa programu yoyote.

Kuhusu umeme, hesabu yake ni fupi. Mkondo wa Tanzania ni volti 230 kwa hezi 50, maana yake mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Pawa saplai ya kawaida hutakiwa kuhimili kukatika kwa takriban milisekunde 16 tu. Taa ya chumbani inaweza kufifia kwa kiasi ambacho jicho halikuona, huku kompyuta ikiwa imekwisha kuathirika. Fundi hupima njia ya volti 12 mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Kipimo kikishuka chini ya 11.4, pawa saplai hubadilishwa.

Ikiwa kipanya kinasogea lakini kila dirisha limeduwaa, huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, chanzo kinachoelekea zaidi ni diski inayorudiarudia kusoma eneo bovu. Taarifa za SMART huonyesha idadi ya maeneo yaliyohamishwa na yanayosubiri kuhamishwa, na idadi inayopanda wiki hadi wiki ni ishara mbaya. Daftari la matukio la Windows nalo husaidia: namba 7 huashiria eneo bovu, na 153 ombi lililorudiwa. Namba 41, inayowatisha wengi, husema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Haisemi kwa nini.

RAM hupimwa kwa MemTest86 usiku kucha, kisha kijiti kimoja kimoja. Kosa hata moja linatosha kukataa kijiti, ingawa ni busara kwanza kusafisha miguu yake kwa kifutio cha penseli na kupima tena.

Katika hatua zote hizi kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja, na mtumiaji huandika saa ya kila kuganda pamoja na programu iliyokuwa wazi. Fundi anayebadilisha pawa saplai, RAM na draiva siku moja huenda akaponya mashine, lakini hatajua alichoponya, na mteja atalipia vifaa vitatu. Kupakia Windows upya kunabaki kuwa halali pale ambapo RAM, diski na joto vimepimwa na kuonekana salama, na mashine hiyohiyo imefanya kazi siku kadhaa kwa Linux iliyowashwa kutoka kwenye flashi bila kuganda.