Perege wakihema alfajiri, usikimbilie dawa

WAFUGAJI wa samaki katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, wanaweza kuokoa bwawa zima kwa kuamka mapema na kuwatazama samaki wao kabla jua halijachomoza.

Alfajiri ndipo bwawa linaposema ukweli. Mfugaji akiwakuta perege wamejaa juu ya maji, midomo nje, wakigugumia hewa, asitafute ugonjwa. Maji yamepungukiwa oksijeni na samaki wanakosa pumzi. Jua likipanda dalili hiyo hutoweka, na anayefika bwawani saa nne na ndoo yake ya pumba huona kila kitu ni shwari. Asubuhi nyingine anaokota mizoga.

Anayefuga samaki wa dhahabu katika tangi la kioo sebuleni huiona dalili hiyo hiyo. Yeye hupoteza samaki wawili wa mapambo. Mkulima wa Mbinga hupoteza fedha alizotegemea kununulia mbolea ya kahawa.

Chanzo mara nyingi ni wema uliozidi. Samadi na chakula kingi huyafanya maji kuwa ya kijani kibichi kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni, lakini usiku nayo huitumia, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini. Hivyo akiba huwa ndogo kabisa karibu na mapambazuko, hasa baada ya siku ya mawingu.

Kipimo chake hakina gharama. Mfugaji aingize mkono majini taratibu hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla ya hapo, rutuba inatosha na samadi isiongezwe. Kikipotea maji yakiwa yamefika mahali pa kuvalia saa tu, bwawa limo hatarini.

Kuna wanaochanganya kuhema na njaa, kwa sababu samaki mwenye njaa naye huja juu. Piga mguu chini ukingoni. Mwenye njaa hukimbia na kuzama. Anayekosa pumzi hushtuka kidogo tu, kisha anarudi pale pale. Huyo asipewe chakula siku hiyo. Afunguliwe maji mapya, yaingie kwa kuanguka kutoka juu ili yachukue hewa, na maji ya chini yenye uchafu yatolewe. Dawa za kuku, ambazo wengine hushawishika kuzimwaga bwawani, haziongezi pumzi hata chembe.

Lakini maji hayo mapya nayo yachunguzwe yanakotoka. Mbinga ni nchi ya kahawa, na msimu wa mavuno mashine za kumenya kahawa mbivu hutoa maji machafu mengi. Yakiachwa yatiririke kijitoni, utamu wa maganda huoza, ukala oksijeni na kuyafanya maji kuwa makali. Samaki wakikimbia mdomo wa mfereji badala ya kuusogelea, mfugaji aufunge kwanza, kisha apande juu kuangalia. Hapa jirani mwenye mashine na jirani mwenye bwawa hawana budi kuzungumza mapema, kabla ya mavuno.

Msimu huo huo huja na baridi. Perege hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo, na likikaribia 16 huacha kula. Ndiyo maana mwezi Juni na Julai samaki wa mabwawa ya milima ya Umatengo hutulia chini kama waliosusa, wakati wenzao wa mwambao, kule Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wanaendelea kuchangamka. Ziwa liko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu zaidi ya mita 1,000. Pumba inayomwagwa kwa samaki aliyepoa huoza tu. Apewe kidogo, mchana jua likiwaka, na kinachobaki kisiongezwe.

Kususa kwingine ni habari tofauti kabisa. Jike la perege hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na muda huo huwa hali, au hula kidogo sana. Kidevu chake huonekana kimevimba, naye hujitenga. Mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, hufanya vivyo hivyo kwa wiki tatu hivi. Baadhi yao wanafugwa katika matangi ya Ulaya na Marekani wakiitwa kwa majina ya huku nyumbani, kama Mbamba Bay na Hongi, na mfugaji mgeni wa kule hudhani jike lake limeugua.

Bwawani, kidevu kilichovimba ni taarifa ya biashara. Dume naye atakuwa anachimba mashimo ya duara chini, na baada ya muda mfupi bwawa litajaa vifaranga wanaogombania chakula kile kile. Mfugaji asiyewapunguza atavuna samaki wengi wa ukubwa wa kidole, ambao mchuuzi atawanunua kwa bei ya kutupa. Wavuliwe kwa wavu wa matundu madogo na kuuzwa kwa wanaoanza, au wawekwe kambale wachache wa kuwala. Kambale hao waingizwe perege wakubwa wakiwa wamewazidi kimo, la sivyo wataanza na mtaji wenyewe.

Samaki anayejikuna ukingoni au kwenye mawe mara kwa mara huenda ana vijidudu vya ngozi. Huyo atolewe, aangaliwe na kuonyeshwa kwa ofisa uvuvi wa wilaya angali hai, maana mzoga wa tangu jana hauonyeshi mengi. Wakijificha wote ghafla huku maji yakiwa safi, atafutwe mwindaji: nyayo za fisi maji kwenye tope, au mnandi mtini juu ya bwawa.