Uvimbe Uhamao Mbwa kwa Mbwa

Apitaye Kolandoto alfajiri, pale njia ya Lalago inapojitenga na barabara ya Mwanza, aghalabu hulakiwa na mbwa kabla ya kulakiwa na watu. Nao ni mbwa wenye mabwana, waliokesha wakilinda zizi, ila hawafungwi wala hawaulizwi usiku wamemfuata jike gani. Uhuru huo ndio mlango wa maradhi haya. Mwenye mbwa huona damu ikidondoka utupuni mwa mnyama wake, akadhani ni jeraha la ugomvi au ni joto la jike. Kumbe ndani mmeota nyama nyekundu, laini, yenye kumeguka: ni uvimbe wa saratani.

Saratani nyingi huzaliwa katika mwili wa mgonjwa na huzikwa naye. Hii huhama: chembe zenyewe, zingali hai, hutoka kwa mbwa mmoja zikaota kwa mwenziwe wapandanapo, au wanusanapo na kurambana. Tabibu wa wanyama wa Urusi, Novinsky, aliupandikiza uvimbe huo toka mbwa hadi mbwa mwaka 1876. Na mwaka 2019 wanazuoni, miongoni mwao Elizabeth Murchison wa Cambridge, walipokwisha kulinganisha vivimbe 546 vya pembe nyingi za dunia, walitangaza kwamba asili ya vyote ni mbwa mmoja, aliyeishi Asia baina ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa yule alikwisha kuwa vumbi zamani, na kipande cha mwili wake kingali kikitembea. Sijapata kusikia ngano iliyoshinda hiyo kwa ajabu.

Dawa yake, vinkristini, asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi na meupe, upandwao katika nyua nyingi kwa uzuri tu. Hudungwa mshipani mara moja kwa juma, na wengi hupona baada ya sindano nne hadi sita. Na watafiti wameona kwamba dawa ikianza kazi, askari wa mwili, waliokuwa wamehadaika, huuvamia uvimbe. Lakini ni dawa kali: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, nayo hupunguza chembe nyeupe, ndiyo maana daktari hupima damu kwanza.

Kinga ni kuhasi. Ajabu ni kwamba mfugaji yuleyule amhasiye ng'ombe dume wa plau pasipo kusita, ukimtajia mbwa wake, hucheka.