Wanga Tumboni mwa Mkimbiaji

Mwanariadha wa mbio ndefu hutegemea akiba ya wanga iitwayo glikojeni, iliyohifadhiwa katika misuli na ini. Mwendo mkali ukizidi saa moja na nusu, akiba hiyo hupungua, miguu ikawa mizito na kasi ikashuka. Ndiyo sababu wakimbiaji hunywa vinywaji vya wanga au kumeza jeli njiani. Hata hivyo, wanga uliomezwa si nguvu bado: sharti utoke tumboni, upenye ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia katika damu.

Hapo ndipo penye shida. Wakati wa mazoezi makali damu huelekezwa kwenye misuli na ngozi, utumbo ukapata kidogo. Kinywaji chenye sukari nyingi mno huchelewa kutoka tumboni, nacho kikifika utumboni huvuta maji ya mwili na kuyaingiza humo. Kichefuchefu, tumbo kujaa na kuharisha hufuata, na faida iliyotafutwa hupotea.

Utumbo hufyonza glukosi pekee kwa kiasi cha gramu 60 hivi kwa saa, kisha njia yake hujaa. Fruktosi hupita njia nyingine. Kwa hiyo mchanganyiko wa sukari hizo mbili waweza kufikisha gramu 90. Kiwango hicho ni cha waliozoea. Kwa wengi gramu 30 hadi 60 zatosha, na sukari ya kawaida ya nyumbani, yenye glukosi na fruktosi, hufaa: vijiko vidogo 8 hadi 10 katika nusu lita ya maji, na chumvi kidogo. Jeli na imezwe kwa maji.

Mwenye tumbo jepesi kuchafuka ana njia nyingine. Utafiti uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa waendesha baiskeli waliosukutua kinywaji cha wanga na kukitema waliongeza kasi katika jaribio la takriban saa moja. Inaelekea kinywa huuarifu ubongo kabla tumbo halijapata kitu.

Utumbo nao hufunzwa. Kinywaji kijaribiwe mazoezini kwa wiki kadhaa, kamwe kisianzwe siku ya mashindano. Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini apange kiwango chake pamoja na daktari. Mhudumu wa afya naye amuulize mkimbiaji mwenye maumivu ya tumbo kama humeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio, kwani dawa hizo huzidisha madhara utumboni. Na choo chenye damu kichunguzwe bila kukawia.