"Oil 20" ni dumu moja au madumu ishirini?

RUSIZI — Mfanyabiashara wa Kamembe anayevuka daraja kwenda Bukavu, akiandika "20 oil" kwenye fomu ya Kiingereza, anamwachia ofisa wa forodha kitendawili. Ni lita 20, yaani dumu moja, au ni madumu 20 ya lita ishirini ishirini, yaani lita 400? Jibu ndilo linaloamua ushuru, na mzigo huenda ukashushwa uhesabiwe upya huku jua likiwaka.

Kosa liko kwenye nomino. Kiingereza huzigawa mbili. Mayai, nyanya na kuku huhesabika: "30 eggs" inatosha. Lakini "oil", "milk", "flour", "sugar", "salt" na "cement" hazipokei namba moja kwa moja, wala "s" ya wingi. Namba hukaa kwenye kipimo: "20 litres of oil", "five bags of cement". Anayepakia saruji ya Bugarama na kuandika "50 cements" hajasema kama ni kilo au mifuko.

Wanaokosea wana sababu. Katika Kiswahili maziwa, maji na mafuta yana umbo la wingi. Husemwa "maziwa yamemwagika". Kinyarwanda ni vilevile: amata, amazi, amavuta. Ndipo mtu anapoandika "milks" bila kusita. Kifaransa nacho kina mchango wake. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha shuleni kwa Kiingereza, na wengi waliosoma kabla ya hapo, sawa na wenzao wa Bukavu, walizoea "bagages", "meubles" na "informations", zote na "s" yake. Wakihamia Kiingereza huja na "luggages", "furnitures" na "informations". Kiingereza hakizikubali, husema "two pieces of luggage".

Mantiki isitafutwe sana. Mchele na maharage zote ni punje, zote hujaa gunia, lakini "rice" haina wingi na "beans" inao. Hata "money" haihesabiki, jambo la kuchekesha kwa mtu anayeshinda akizihesabu noti. Kinachohesabika ni "francs" na "dollars".

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wenye mizigo midogo. Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Kiasi kisipoeleweka, thamani nayo hubishaniwa.

Na kipimo chenyewe kiandikwe kikamilifu. Gunia la mtu mmoja si gunia la mwingine. "10 bags of flour" bado ina mwanya. "10 bags of flour, 25 kg each" haina.